Mkaidi kwa Nani? Kutafsiri Maneno ya Kiingereza Yanayotaja Ukaidi

Mwaka 1948, katika kipindi cha redio ya BBC kilichoitwa The Brains Trust, mwanafalsafa Bertrand Russell alitoa mzaha ambao walimu wa lugha hawajaacha kuutumia. Alionyesha, kwa namna ya mwalimu wa sarufi, kwamba ziko sifa za Kiingereza zinazobadilika kwa kufuata nafsi, mithili ya vitenzi visivyofuata kanuni. Nafsi ya kwanza husema "I am firm". Nafsi ya pili huambiwa "you are obstinate". Nafsi ya tatu, ambayo haipo barazani kujitetea, huitwa "a pig-headed fool". Kwa Kiswahili tungesema: mimi nina msimamo, wewe ni mkaidi, yule ni mpumbavu asiyeambilika. Tabia inayotajwa ni ile ile. Kilichobadilika ni umbali uliopo baina ya msemaji na msemwa.

Mzaha huo unagusa tatizo ambalo mfasiri hukutana nalo kila siku. Kiingereza kimejilimbikizia maneno mengi ya kumwelezea mtu asiyetaka kubadili nia: stubborn, obstinate, headstrong, wilful, dogged, mulish, recalcitrant, intransigent, adamant, tenacious, na mengine kadhaa. Mwanafunzi anayeyatafuta katika kamusi hukuta "kaidi" ikijirudia, akaridhika nayo, akaendelea na kazi. Sentensi yake haitakuwa na kosa la kisarufi. Hata hivyo, huenda amemlaumu mtu aliyesifiwa na mwandishi wa awali, au amemlazimisha msimulizi kuchukua upande ambao hakuuchukua.

Isidhaniwe kwamba tatizo ni uhaba wa maneno ya Kiswahili. Tofauti kubwa ya lugha hizi mbili ni mahali zinapoiweka hukumu. Kiingereza huiweka ndani ya kivumishi, na hivyo humhitaji msemaji achague kivumishi chake tangu mwanzo. Kiswahili nacho kina vivumishi na nomino za aina hiyo, kama vile kaidi, mbishi na sugu, lakini msemaji hodari aghalabu huvipita akakimbilia kitenzi, hasa kitenzi kikanushi katika kauli ya kutendeka. Kijana mkorofi haambiliki. Hashauriki, hakanyiki, hasemezeki. Mzee anayesema hivyo hataji kitu kilichomo moyoni mwa kijana. Anataja juhudi za watu wengine zilizogonga mwamba. Waliambia, neno halikuingia. Walikanya, makanyo hayakushika.

Kauli hiyo hiyo hutumika kwa sifa. Shahidi mwaminifu hatishiki. Kiongozi mwadilifu hanunuliki, hapindiki, hatikisiki. Sarufi haikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni shina la kitenzi. Kuambia, kushauri na kukanya ni matendo ya mtu anayekutakia mema, na ambaye kwa desturi ana haki ya kusikilizwa. Kutisha, kununua, kupinda na kutikisa ni matendo ya mtu anayekushinikiza. Anayeukataa ushauri analaumiwa. Anayelikataa shinikizo anasifiwa. Ndiyo maana methali zetu zinazomshutumu asiyesikia hazikosi kutaja jambo jema lililokataliwa: asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na sikio la kufa halisikii dawa. Katika methali ya kwanza limekataliwa neno la mkubwa. Katika ya pili imekataliwa dawa.

Baina ya makundi hayo mawili kuna kitenzi kimoja chenye sura mbili, nacho ni kushawishi. Mtu anaweza kushawishiwa kurudi shuleni, na anaweza kushawishiwa kuiba. Kwa hiyo "hashawishiki" ni neno ambalo mfasiri analiweza pale ambapo matini ya Kiingereza yenyewe haikuamua. Ni neno la thamani na halitumiwi inavyostahili.

Hapa tunaweza kuweka kipimo ambacho kitatumika katika sehemu iliyobaki ya makala haya. Kabla ya kuchagua neno la Kiswahili, mfasiri ajiulize: ni kitu gani kilimfikia mtu huyu, naye akakikataa? Ushauri, amri, hoja, kishawishi, au mateso? Kipimo hiki hakimalizi mjadala, maana binti anayekataa mume aliyechaguliwa na baba yake haambiliki machoni pa baba, ilhali kwa rafiki zake hatikisiki. Kinachoitwa ushauri na mtoaji huweza kuwa shinikizo kwa mpokeaji. Hapo Russell anarudi mlangoni. Lakini angalau mfasiri atakuwa amejua anachokiamua.

Tuanze na maneno mawili yanayochanganywa zaidi, stubborn na obstinate. La pili limetoka Kilatini, na mzizi wake unahusu kusimama imara juu ya jambo. Katika Kiingereza cha leo humlaumu mtu aliyekwisha kupewa sababu za kutosha akazikataa. "Mkaidi" na "asiyeambilika" yanalifaa bila taabu. Stubborn ni pana zaidi, na asili yake haijulikani kwa hakika; wanaolihusisha na kisiki cha mti wanakisia tu. Lilikuwapo tayari katika karne ya 14, na Chaucer alilitumia kumwelezea Mke wa Bath, mwanamke aliyezika waume kadhaa na aliyejua namna ya kuwatawala. Tangu enzi hizo neno hili lina harufu ya lawama na harufu ya heshima kwa pamoja. Jeshi linapofanya "stubborn resistance", mwandishi hajalitukana. Amesema lilipigana bila kurudi nyuma. Kuandika "upinzani wa kikaidi" ni kuigeuza sentensi kichwa chini miguu juu.

John Adams, aliyekuja kuwa rais wa pili wa Marekani, aliliambia baraza la mahakama huko Boston mwaka 1770 kwamba "facts are stubborn things". Alikuwa akiwatetea askari wa Kiingereza waliowafyatulia risasi raia, na mji mzima ulitaka wahukumiwe. "Ukweli ni mkaidi" ni tafsiri inayochekesha, kwa kuwa hakuna aliyeushauri ukweli ukakataa. Adams alimaanisha kwamba matakwa ya watu hayaubadilishi ukweli. Kauli ya kutendeka inatusaidia tena: ukweli haubembelezeki. Ukweli haupindiki nayo ingefaa, ingawa ya kwanza ina ladha zaidi, kwa sababu mji ule haukuwa ukiupinda ukweli kwa nguvu tu. Ulikuwa ukiusihi uwe mwingine.

Stubborn hutumika pia kwa vitu visivyo na nia, na hapa Kiswahili kina neno lililo bora kuliko la Kiingereza. Doa lisilotoka ni doa sugu. Kikohozi kisichopona ni kikohozi sugu. Vimelea visivyosikia dawa vina usugu. Asili ya picha hii ni ngozi ya kiganja au ya unyayo iliyokazwa na kazi. Sugu haizaliwi na mtu, hujengeka kwa kusuguliwa mara nyingi. Kwa hiyo "mhalifu sugu" si mhalifu mkaidi. Ni mtu ambaye adhabu zimempitia kiasi kwamba hazimwumi tena, jambo ambalo Kiingereza hulieleza kwa neno hardened. Katika lugha ya mtaani sugu limegeuka kuwa sifa ya aliyepitia mengi akabaki wima. Joseph Mbilinyi, mwanamuziki wa Tanzania aliyeingia bungeni mwaka 2010 kwa tiketi ya Mbeya Mjini, analibeba kama jina la usanii. Mfasiri anayeandika kwa ajili ya vijana na asijue hilo atashangaa kuona lawama yake ikipokewa kwa makofi.

Wanyama ni mtego mkubwa zaidi. Kiingereza kimewagawia wanyama watatu kazi ya kuonyesha tabia hii: nguruwe katika pig-headed, nyumbu katika mulish, na mbwa katika dogged. Wawili wa kwanza ni matusi; wa tatu ni sifa, kwa kuwa mbwa wa kuwinda hufuata harufu hadi mwisho. Hakuna hata mmoja anayeweza kuvushwa salama. Kwa msomaji wa pwani, kumtaja nguruwe ni kutaja unajisi, wala si kutaja ubishi, na tusi hilo huwa zito mara kumi kuliko la Kiingereza, ambalo hata ndugu huambiana mezani. Mbwa naye hageuki kuwa sifa hata akikokotwa: "mwandishi yule alifuatilia kashfa kwa moyo wa mbwa" haitamfurahisha mwandishi yeyote. "Dogged" hutafsiriwa vyema kwa kitenzi: hakuchoka, hakukata tamaa, hakulala mpaka akapata alichokitafuta.

Nyumbu anastahili aya yake. Katika Kiswahili jina hili lina wanyama wawili: yule aliyezaliwa na punda na farasi, na yule wa porini anayehama kwa makundi baina ya Serengeti na Maasai Mara. Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki hawajawahi kumwona wa kwanza, ilhali wa pili wanamfahamu hata kama ni kwa picha. Na huyo wa pili, katika matusi ya kisiasa ya Tanzania, ni mtu anayefuata kundi bila kufikiri. Basi anayetafsiri "mulish" kwa kumwita mtu nyumbu amesema kinyume kabisa: amemfanya mtu asiyefuata yeyote kuwa mtu anayefuata kila mmoja. Punda angeonekana kuwa karibu, kwa kuwa tabia yake ya kugoma njiani inajulikana Lamu kama inavyojulikana Ulaya, lakini methali humkumbuka kwa utovu wa shukrani: fadhila za punda ni mateke.

Mateke hayo yanatuleta kwa neno recalcitrant, ambalo katika Kilatini lilimaanisha kurusha teke nyuma kwa kisigino. Picha hiyo imekwisha kufa katika Kiingereza. Leo ni neno la maofisi, la barua za nidhamu na taarifa za mahakama, na humhusu mtu aliyepewa amri halali na mwenye mamlaka akakataa kuitii. Tafsiri nzuri huitaja amri yenyewe: mfanyakazi anayekaidi maagizo, shahidi anayekataa kutoa ushahidi ingawa ameamriwa. Yafaa kuzingatia kwamba kukaidi kama kitenzi huhitaji yambwa. Mtu hukaidi amri, hukaidi agizo. Kitenzi hiki hakituachi tusahau kwamba kulikuwa na mtu aliyeamuru, jambo ambalo kivumishi "mkaidi" hulificha.

Viungo vya mwili navyo vina hadhari zake. "Headstrong" ni mtu, mara nyingi kijana, anayeongozwa na kichwa chake mwenyewe. Haambiliki ni tafsiri yake ya kuzaliwa. "Hard-headed" huonekana kuwa jirani yake, lakini "a hard-headed businessman" ni mfanyabiashara asiyetawaliwa na hisia, mtu wa hesabu. Mfasiri anayeandika "mfanyabiashara mwenye kichwa kigumu" amekosea mara mbili, kwa sababu darasani kichwa kigumu ni cha mwanafunzi mzito wa kuelewa, na kichwa chepesi ni cha anayeshika upesi. Walimu wanaojaza ripoti za wanafunzi kwa lugha mbili wana sababu ya kuwa waangalifu hapa. Mzazi anayesoma kwamba mwanawe ana kichwa kigumu hataelewa kwamba mtoto ni mbishi. Ataelewa kwamba hana akili.

Shingo ni salama zaidi, kwa kuwa Kiingereza na Kiswahili vimeipata picha yake kutoka kisima kimoja. "Stiff-necked" iliingia katika Kiingereza kwa njia ya Biblia, kama "wenye shingo ngumu" ilivyokuja kwetu, na asili yake ni Kiebrania. Mwenye kulima kwa ng'ombe huielewa picha hiyo mara moja: ni ng'ombe anayeikaza shingo asigeuzwe na nira. Kiswahili cha Biblia kina pia kitenzi kushupaza shingo. Kutokana na shina hilo hilo la kushupaa, yaani kuwa gumu na kukazana, tumepata shupavu na ushupavu, ambayo leo ni maneno ya sifa. Anayeishupaza shingo analaumiwa, aliye shupavu anapewa nishani, na ugumu ni ule ule. Hapa Kiswahili kimefanya ndani ya shina moja kile ambacho Russell alihitaji maneno matatu kukionyesha.

Kuhusu maneno ya siasa yatosha kusema machache. "Adamant" lina nasaba ya kushangaza. Kigiriki kilikuwa na neno adamas, lenye maana ya kisichoshindika, lililotumiwa kwa madini magumu kupita yote. Upande mmoja likawa adamant. Upande mwingine likapita Kiarabu na kutufikia kama almasi. Udugu huo ni wa kufurahisha lakini haumsaidii mfasiri: waziri aliyekuwa "adamant" hakuwa almasi, alishikilia msimamo wake au alikataa katakata. "Intransigent" lilizaliwa Hispania, ambako katika siku za Jamhuri ya mwaka 1873 warepublikani waliokataa mapatano ya aina yoyote waliitwa los intransigentes. Mwaka 1880 Henri Rochefort aliliweka gazeti lake la Paris jina hilo kwa fahari, L'Intransigeant. Kwa hiyo maana yake imefungamana na mazungumzo: ni yule asiyetaka suluhu, aliyekataa kulegeza kamba. Pasipo meza ya mazungumzo neno hili halifai. "Diehard" nalo lilianza vitani, Albuera, mwaka 1811, kamanda wa kikosi cha 57 cha Uingereza alipowataka askari wake wafe kwa kupigana. Miaka 100 baadaye likawa jina la mabwana wa Baraza la Juu waliopinga kupunguziwa mamlaka. Siku hizi limeshuka uwanjani, na shabiki wa namna hiyo wa Yanga au Simba ana jina lake tayari: mkereketwa, au shabiki kindakindaki.

Maneno mawili ya Uingereza yanahitaji onyo. "Wilful" likimhusu mtoto ni mwenye kufuata matakwa yake. Katika sheria halina uhusiano wowote na ukaidi, na "wilful damage" ni uharibifu wa makusudi. "Bloody-minded" katika matini za kale ni mwenye kiu ya damu, lakini katika mazungumzo ya karne ya 20 na hii ya 21 ni mtu anayeweka ugumu kwa kusudi tu la kuwakera wengine. Wafasiri wengi huhangaika nalo, ilhali Kiswahili kina neno lake halisi, tena la siku nyingi: inda. Karani anayekurudisha nyumbani kwa sababu umetumia wino wa rangi nyingine, na huku rangi haina maana yoyote, anafanya inda.

Upande wa maneno ya kushika, Kiingereza kina tenacious na pertinacious, yote mawili yakiwa na mzizi wa Kilatini wa kushika. La kwanza husifu. La pili huchosha. Kiswahili kina mgawanyo unaokaribiana na huo. Kushikilia ni kushika kwa uthabiti, na halina lawama ya lazima. Kung'ang'ania ni kushika kitu ambacho wengine wanaona kwamba ulipaswa kukiachia. Ndiyo maana magazeti husema kiongozi anang'ang'ania madaraka, wala hayasemi kwamba anang'ang'ania wajibu wake. Lakini kung'ang'ana, hasa Kenya, ni kujitahidi katika shida, na ni sifa ya mtu wa jasho. Irabu moja huamua iwapo mtu anapongezwa au anaaibishwa.

Mfano mzuri wa kufundishia ulitokea katika Seneti ya Marekani tarehe 7 Februari 2017. Seneta Elizabeth Warren alikuwa akisoma barua ya Coretta Scott King ili kupinga uteuzi wa mwanasheria mkuu mpya, akanyamazishwa. Mitch McConnell, kiongozi wa walio wengi, alieleza sababu: alionywa, alipewa maelezo, "nevertheless, she persisted". Alikusudia lawama. Wafuasi wa Warren wakayachukua maneno hayo matatu wakayaandika kwenye fulana, na kufikia asubuhi yalikuwa sifa. Mfasiri anayeandika "hata hivyo aliendelea kung'ang'ania" amempendelea McConnell, na fulana haitaeleweka. Anayeandika "hata hivyo hakutikisika" amewapendelea wafuasi, na hasira ya McConnell haitaeleweka. "Hata hivyo, aliendelea" ndiyo tafsiri, japo inaonekana nyepesi, kwa kuwa inaliacha neno wazi kama lilivyokuwa wazi katika Kiingereza. Tena Kiswahili kinatufunulia jambo: "alionywa" ni kitenzi cha mtu anayetakia mema. Kwa kuanza na onyo, McConnell alikuwa amekwisha kujiweka katika kiti cha mkuu wa methali.

Hadi hapa kosa la mfasiri lingeleta kicheko au malalamiko. Liko eneo ambalo huleta zaidi ya hayo, nalo ni nyaraka za ukoloni.

Katika miaka ya 1950, wakati wa hali ya hatari nchini Kenya, serikali ya kikoloni iliwaweka kizuizini maelfu ya watu walioshukiwa kuwa wafuasi wa Mau Mau. Waligawanywa kwa rangi, kutoka weupe, yaani waliohesabiwa kuwa hawana neno, hadi kijivu na weusi. Aliyekiri kiapo na kukubali kufanya kazi alisogezwa kutoka kambi moja hadi nyingine kuelekea kwao. Waliokataa kukiri na kukataa kazi waliitwa "hard core". Katika Kiingereza neno hilo hutaja pia mawe na vifusi vinavyoshindiliwa chini ya msingi wa nyumba, na picha yake ni ya kitu kisicho na njia nyingine ya kushughulikiwa isipokuwa kupondwa.

Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola karibu na mto Tana, kundi la watu hao lilipelekwa shambani kulazimishwa kufanya kazi, kwa mujibu wa mpango uliobuniwa na ofisa wa magereza, John Cowan. Waliokataa walipigwa. Watu 11 walikufa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilidokeza kwamba vifo vilitokana na maji waliyokunywa kutoka kwenye gari la maji, na uchunguzi wa maiti ndio ulioonyesha kwamba walikufa kwa kipigo. Julai ya mwaka huo Bunge la Uingereza lilijadili jambo hilo usiku wa manane, na Enoch Powell, aliyekuwa mbunge wa chama tawala, aliikataa hadharani hoja kwamba waliokufa walikuwa viumbe walio chini ya utu na kwa hiyo vifo vyao vina uzito mdogo.

Nyaraka nyingi za kipindi hicho zilifichwa Hanslope Park nchini Uingereza. Serikali ilikiri kuwa nazo mwaka 2011, na kuanzia mwaka 2012 zikaanza kufunguliwa kwa watafiti. Mwanafunzi wa historia anayezisoma leo na kutaka kuziandika kwa Kiswahili anakabiliwa na "hard core" ukurasa baada ya ukurasa, pamoja na obstinate na recalcitrant. Akiandika "wakaidi", amemfanya mlinzi wa gereza kuwa mkuu, na kipigo kuwa dawa ambayo sikio la kufa lilikataa kuisikia. Msomaji wa Kiswahili hatasikia sauti ya ofisa aliyeandika taarifa. Atasikia sauti ya methali za nyanya yake. Akiandika "mashujaa" au "washupavu", amefuta ushahidi wa jinsi serikali ilivyowaona, na ushahidi huo ndio unaoeleza kwa nini ofisa aliweza kutia saini mpango ule na kwenda kula chakula cha jioni.

Njia inayofaa ni kuliacha neno mikononi mwa mwenyewe. "Waliopewa na serikali jina la wakaidi sugu" humwonyesha msomaji nani aliyeita, na sugu inabeba ile maana ya kitu kilichokwisha kupita kurekebishwa. Baada ya hapo mfasiri atumie kitenzi na yambwa yake: waliokataa kukiri kiapo, waliokataa kuchimba mitaro. Na pale mwandishi wa siku hizi anapozungumza kwa sauti yake mwenyewe kuhusu watu hao hao, akawaita kwa Kiingereza "unbroken", kauli ya kutendeka ipo: hawakuvunjika.